Mkwe Ameinama

"...na mikono anaiweka pale, Milka! Pale pale, chini ya makalio ya baba yako mdogo, mchana kweupe, watu wakiona!"

Magdalene hata mlango hakuwa ameufunga. Alisimama katikati ya jikoni, koti linachuruzika mvua ya Saltley, hapo Birmingham, amekimbia kutoka kituo cha basi mpaka pumzi zinamkata. Milka alikuwa anasonga ugali wa semolina, maana unga wa mahindi ulikuwa umeisha. Akauacha mwiko usimame wenyewe ndani ya sufuria.

"Nani anaweka mikono?"

"Cleopas. Wako wewe. Kwani nakuletea habari za wa nani?"

"Kaa chini, Magdalene. Umekunywa nini?"

"Sijanywa. Nimetoka uwanja wa chuo. Nikasema leo wacha nione huo mpira wa Kimarekani wanaousifia. Dada, ule si mpira. Baba yako mdogo anainama hivi." Magdalene akainama, akashika kiatu chake kana kwamba ndicho mpira. "Miguu ameitanua. Mpira uko chini, wa umbo la papai. Cleopas anakuja kwa nyuma, anachuchumaa kidogo, anapenyeza mikono yote miwili hapa, anaita namba, halafu ndio anapokezwa mpira. Kila mchezo unaanzia hapo. Miaka miwili wanafanya hivyo, mimi na wewe tunadhani wanapiga mpira kwa mguu kama watu."

Milka alijikuta ameketi juu ya ndoo ya makaa ya mawe. Tangu timu ianze alikuwa hajakanyaga uwanjani hata siku moja. Jioni za mazoezi zilikuwa jioni zake za kupiga taipu.

"Na leo ameweka?"

"Leo hakuweka, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Alifika nyuma ya baba yako, akanyoosha mikono, mikono ikakataa. Mpira ukarushwa nyuma, ukaanguka kwenye tope. Kocha akapiga filimbi. Wakarudia. Mpira chini tena. Kocha akamuuliza, Cleopas, mikono yako ina ugonjwa gani? Na baba yako ameinama tu vile vile, anaangalia majani, hageuki."

Bila shaka hakugeuka. Angegeuka aseme nini?

Jumapili iliyopita Walter, baba yake mdogo, alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na kukaa sebuleni toka asubuhi, akijifanya anasoma gazeti. Mchana mshenga akaja. Cleopas hakuwa na mjomba wala kaka Birmingham nzima, na wazee wote wa Kenya waliokuwa karibu walikuwa marafiki wa Walter. Kwa hiyo alimwendea Mzee Jayantilal, fundi wa viti vya sofa wa Balsall Heath, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na kuzika baba yake hukohuko, anayejua mshenga hukaa wapi na hunyamaza wakati gani. Isitoshe mwanawe Arvind alikuwa kwenye timu hiyohiyo. Cleopas mwenyewe alibaki nje ndani ya gari la mzee, kama inavyotakiwa. Walter akanywa chai, akasikiliza, akakohoa, akasema, "Mwambie kijana nimemsikia. Kuanzia leo yeye si mwenzangu tena wa kutaniana. Ni mkwe."

Milka aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, akaruka peke yake bila sauti. Kumbe alikuwa anasikia mlango ukifungwa kwa ufunguo. Mkwe hupewa mkono siku ya salamu, basi. Hutaniani naye, humwangalii akila, humpiti karibu njia ikiwa nyembamba. Sasa huku nyuma kwake, na kwa mikono miwili?

"Basi Cleopas atoke kwenye timu," Milka akasema.

Magdalene akamtazama kama mtu aliyeanguka jana kutoka mwezini. "Atoke aende wapi? Wako kumi na mmoja tu. Jumamosi ndiyo mechi."

Na hiyo mechi Milka aliijua, kila mtu nyumbani mle aliijua. Timu ilianza mwaka wa sabini na mbili, alipokuja mwalimu wa Kimarekani wa kubadilishana, na mpira mmoja na helmeti mbili kwenye sanduku. Akabandika tangazo, akawa kocha. Wa kwanza kufika alikuwa Walter, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu Kenya na sasa anasomea diploma. Alidhani ni raga. Alipogundua si raga alikuwa ameshaupenda. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Wakavaa helmeti za pikipiki. Mzee Jayantilal akawashonea kinga za mabega kwa sponji ya sofa, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa masalio ya dukani, nusu ya timu ilicheza na maua ya waridi mabegani. Miaka miwili hawakuwa na mtu wa kucheza naye. Walijigawa nusu kwa nusu na kujipiga wenyewe, halafu wakaenda kunywa pamoja. Sasa, Februari hii ya sabini na nne, chuo kimoja cha kaskazini kilikuwa kimeanzisha timu, na Jumamosi kilikuwa kinakuja na basi lake. Mkuu wa chuo naye atakuja kutazama. Alishasema wazi: mechi ikiwa ya maana, timu itabaki na uwanja. Ikiwa vichekesho, uwanja unarudi kwa wasichana wa hoki.

Ukutani sebuleni, picha ya timu ilining'inia juu ya picha ya harusi ya Walter. Mkewe, Gertrude, alishalalamika mpaka akachoka.

Alhamisi umeme ulikatwa kabla ya chakula, maana mwaka ule serikali ilikuwa inaugawa kwa zamu. Wakala kwa mshumaa, watatu kwenye meza ya watu wawili, hita ya mafuta ya taa ikiwachoma miguu huku migongo inaganda. Milka hakuwa na pa kugeukia. Akisukuma kiti nyuma kinagonga kabati, akikisogeza mbele anagusa magoti ya baba yake mdogo.

"Mazoezi vipi?" Gertrude akauliza. Yeye alikuwa nesi, na maswali yake yalikuwa kama sindano, yanaingia kabla hujajiandaa.

"Yako," Walter akasema.

"Nasikia mpira unaanguka."

Walter akatafuna muda mrefu kuliko nyama ile ilivyohitaji. "Nani kakwambia?"

"Wake za wenzako nusu yao wanafanya kazi kwetu hospitali, mume wangu. Si utoke tu hapo katikati, mwingine ainame?"

"Nani? Balbir alijaribu, mpira ukampata mwamuzi. Kurudisha mpira nyuma bila kuangalia si kazi ya kila mtu." Akaweka kijiko chini. "Timu ile nimeianza mimi. Atakayeiua, sitaki kumwona hapa ndani. Na atakayenivunjia heshima yangu, naye sitaki kumwona."

Hakumtaja mtu. Hakumwangalia Milka. Mshumaa ukapepea, na Milka akaona jinsi yale maneno mawili yalivyokutana katikati ya meza bila kuacha upenyo. Alitaka kusema, Baba, mwambieni kocha tu. Lakini binti anaanzaje kumtajia baba yake habari za kuinama kwake? Akaomba chumvi.

Ijumaa akakutana na Cleopas kwenye kibanda cha simu cha barabara ya Alum Rock, kwa sababu ya mvua, na kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo marafiki wa Walter hawapiti. Wakabanana humo, simu mgongoni, vioo vikifuka mvuke.

"Nimejaribu kufumba macho," Cleopas akasema. "Nikawaza ni Balbir. Mikono ikajua si Balbir."

"Mwambie kocha."

"Nimwambie nini? Nilisema nina heshima naye, akasema vizuri, heshima ndiyo msingi wa timu, sasa weka mikono."

Milka akacheka bila kupenda, kisha akaona macho ya Cleopas yamejaa, akaacha.

"Nikimgusa, hakuna ndoa," Cleopas akasema. "Nisipomgusa, hakuna timu, na timu ikifa mikononi mwangu, bado hakuna ndoa. Nimelihesabu kila upande. Nikiugua je?"

"Mtakuwa kumi. Atasema umeiua kwa kuugua."

Nje mama mmoja mwenye mwavuli akagonga kioo, anataka simu. Hawakujua waondoke vipi, maana mlango ulifungukia upande aliosimama.

Jumamosi uwanja ulikuwa bwawa. Milka alisimama pembeni na Magdalene, na kando yao Mzee Jayantilal amevaa makoti mawili, sindano na uzi mfukoni ikiwa bega la mtu litapasuka. Mkuu wa chuo alisimama peke yake chini ya mwavuli kama mtu aliyekuja kuzika jirani asiyemfahamu sana. Wageni walikuwa wakubwa, na kinga zao hazikuwa na maua.

Walter akainama. Cleopas akaja nyuma yake, akanyoosha mikono, ikasimama hewani kama ya mtu anayeota moto. Mpira ukaruka, ukapita katikati ya vidole, ukaanguka. Wageni wakaulalia. Ikawa hivyo tena na tena. Wageni wakafunga, wakafunga tena. Kipindi cha kwanza hakijaisha, wanafunzi wakaanza kucheka, na Walter, kila alipoinuka, alikuwa anafuta tope usoni bila kumwangalia mtu yeyote duniani. Cleopas alikuwa amekuwa mdogo ndani ya nguo zake.

"Mwisho wao," Magdalene akanong'ona. "Tazama mkuu, anachungulia saa."

Milka alihisi kama amerudi ndani ya kile kibanda cha simu. Hawezi kumfuata baba yake. Hawezi kumfuata Cleopas mbele ya watu. Kocha hataelewa. Akageuka kutafuta pa kuweka macho, yakaangukia makoti mawili ya Mzee Jayantilal. Na hapo ndipo akajiona mjinga. Tangu Jumapili alikuwa anadhani mzee amemaliza kazi yake, amekunywa chai ameenda. Tangu lini mshenga akamaliza kazi kabla ya harusi?

"Mzee," akasema. "Wewe bado ni mshenga?"

"Mimi ni mshenga mpaka mtoto wa kwanza," Jayantilal akasema. "Kwa nini unalia, binti?"

Akamweleza. Kwa mshenga unaweza kusema chochote, ndiyo sababu yuko. Alisema kuinama, akasema mikono, akasema makalio, Magdalene akaziba uso kwa skafu. Jayantilal hakucheka. Alisikiliza kama anayepokea vipimo vya sofa.

"Kijana akitaka kitu kwa mkwe," akasema polepole, "anakwenda kuchukua mwenyewe?"

"Hapana. Anamtuma mshenga."

"Basi. Mimi mgongo mbovu. Lakini damu yangu iko pale." Akaelekeza kidole kwa Arvind, aliyekuwa anakamua soksi.

Mapumziko yalipopigwa mzee akavuka mstari na sindano yake, kana kwamba anaenda kushona bega. Milka aliona anasema na Arvind kwanza. Halafu na Walter, kwa adabu, bega kwa bega, wote wawili wakiangalia mbali. Walter akakohoa, akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kama siku ile ya chai. Halafu mzee akaenda kwa kocha, na huko alitumia mikono mingi na Kiingereza kingi, na mwishowe kocha akavua kofia, akajikuna, akasema jambo, na Magdalene akaapa alisoma midomo yake: jaribuni chochote.

Kipindi cha pili Walter akainama. Nyuma yake akasimama Arvind, si ndugu wa mtu yeyote, akaweka mikono bila shida kama anayechukua sufuria jikoni. Cleopas alisimama mbali huko nyuma, ameelekeza uso pembeni kidogo, kama mkwe aliyesimama nje ya boma la watu. Arvind akapokea, akageuka, akampelekea mpira. Ilikuwa mara ya kwanza Cleopas kupewa kitu na Walter tangu Jumapili, na kimepita mkono uliostahili. Akaurusha. Ulikwenda juu ya vichwa vya wageni, mrefu, na Balbir akaukumbatia na kuanguka nao ng'ambo ya mstari.

Hawakushinda. Wageni walikuwa wamefunga mengi mno mapema. Lakini timu ya Walter ilifunga tena baada ya hapo, na wanafunzi waliokuwa wanacheka walikuwa wanapiga makelele mengine, na mkuu wa chuo alimwambia kocha wa hoki atafute kwingine. Ila Milka hakuwa anatazama hayo. Alikuwa anamtazama Walter, ambaye alitoka uwanjani bila kusema na mtu, akapanda gari la Jayantilal.

Jioni wakaketi sebuleni, yeye na mshenga, mlango umefungwa. Cleopas nje ndani ya gari, tope limemkaukia. Milka alisimama jikoni na birika, sikio kwenye ubao, na dirishani Magdalene amepanda juu ya pipa la takataka, pua imebonyea kwenye kioo.

"Anasema nini?" Magdalene akauliza bila sauti.

Milka akamnyamazisha. Ndani, Walter alikuwa anakohoa kile kikohozi chake. "Mwambie kijana," akasema, "heshima yake nimeiona. Msichana ni wake. Lakini mwambie na hili: mkwe hamwachi mkwe peke yake. Maadamu mimi bado nainama uwanjani, yeye hatoki kwenye timu ile. Na mimi sina mpango wa kuinuka karibuni."

Milka akaegemea ukuta. Alitaka kuruka kama Jumapili, na miguu ikamwambia angoje kwanza.

"Milka," Walter akaita. "Chai. Na uje ukae hapa, wewe pia, kuna sharti la pili."

Milka akafungua dirisha kidogo, kadiri linavyofunguka. "Amekubali," akamnong'oneza Magdalene. "Ila amenifungia ndani na mpira wa Kimarekani maisha yangu yote. Shuka hapo kabla hujavunjika. Hilo la pili nitakuletea kesho, asubuhi, kwenye kituo cha basi."