Mtungi wa Melchor Mbele ya Wakaguzi

Hapa Puebla, mtaa wetu wa wafinyanzi, hakuna anayesoma maandishi ya kale kama mimi. Nilisoma hadi darasa la nne. Haya, la tatu. La nne niliishia mlangoni.

Ndiyo maana mdogo wangu Fulgencio, mzee wa miaka sitini na minane mwenye masharubu ya kuwatosha watu wawili, alinijia mbio.

"Dada, nisaidie! Don Nabor hataki nibebe bendera ya Mtakatifu Rufina, msimamizi wetu wafinyanzi."

Bendera hiyo hubebwa siku ya sikukuu na mfinyanzi mmoja tu, na lazima awe mzao wa fundi aliyepitishwa na chama cha kale cha wafinyanzi. Fulgencio ameingoja miaka thelathini. Kila akilewa hutuhadithia babu wa mababu zetu, Melchor, fundi wa mafundi. Sasa Don Nabor, mwenyekiti wa kamati, mtu mkavu kama tofali, alitaka ushahidi wa karatasi. Mwisho Jumapili.

Tukaenda zinakohifadhiwa nyaraka za mji. Binti mmoja, Otilia, akatuletea daftari la chama, pembeni limetafunwa na wadudu. Nikaziangalia zile herufi, zimesokotana kama tambi. Nikakohoa.

"Soma wewe, binti. Macho yangu yamechoka."

Mwaka 1754, baba yake Melchor alimkabidhi kwa fundi kwa miaka mitano. Fundi aliahidi kumfundisha kazi yote bila kumficha kitu. Baba aliahidi kwamba mtoto akitoroka, atamrudisha mwenyewe.

"Akatoroka wiki ya kwanza," Otilia akasoma. "Akarudishwa. Akatoroka. Akarudishwa. Akakutwa jikoni kwa shangazi yake, anakula tamale za mahindi."

"Damu yetu kabisa hiyo," nikasema.

"Dada, nyamaza."

Kisha ukaja mtihani. Mwanafunzi alitakiwa kufinyanga mtungi mbele ya wakaguzi wa chama, peke yake, bila mtu kumgusia udongo. Mtungi wa kwanza wa Melchor, wakaguzi waliandika: umeinama. Mwaka uliofuata: umeinama upande wa pili. Mwaka wa tano: umeketi. Mwaka wa tisa mkaguzi mmoja aliomba ruhusa, akatoka nje kucheka. Fulgencio alikuwa anadidimia kitini, yamebaki masharubu tu.

"Mwaka wa kumi na mbili," Otilia akasoma, "wakaguzi wamempitisha kuwa fundi, ili nasi tupate kupumzika."

"Kapita!" Fulgencio akaruka. Halafu ile nusu ya pili ikamwingia. Tulipotoka na nakala yetu akanishika mkono. "Dada, Jumapili utasoma wewe. Ukiisoma hivyo ilivyo, mtaa utanicheka mpaka kaburini. Tia chumvi kidogo."

"Kidogo kama ya nini?"

"Kama ya supu ya watu wengi."

Jumapili nikasimama mbele ya kamati na mtaa mzima, nimeinua nakala juu kama padri.

"'Mtungi wake wa kwanza ulisimama wima hata mnara wa kanisa kuu ukaona haya. Wakaguzi walilia. Fundi wake akampigia magoti, akamwomba amfundishe.'"

Watu wakaanza kucheka. Nikadhani ni furaha, nikaongeza askofu.

"'Askofu mwenyewe alikuja kunywa maji ya mtungi huo, akaondoka nao kwapani.'"

Sasa walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Hata Don Nabor, ambaye hajacheka tangu aoe, alikuwa anafuta machozi.

"Doña Perpetua," akasema, "hebu geuza hiyo karatasi."

Nikageuza. Otilia, kwa wema wake, alikuwa amechapa maneno yote ya daftari upande wa nyuma, kwa herufi kubwa nyeusi za kusomeka toka barabarani. Muda wote nilipokuwa nasoma upande wangu, ukumbi ulikuwa unasoma upande wake.

Fulgencio akafunika uso kwa kofia.

"Kapitishwa ni kapitishwa," Don Nabor akasema. "Fulgencio atabeba bendera. Ila huyo askofu, mama, kaandikwa wapi?"

"Ukurasa wa pili," nikasema. "Nimeusahau nyumbani."

Kutoka viti vya nyuma, Otilia, aliyekuja kula chakula cha kamati tu, akainua mkono.

"Samahani, bibi. Ukurasa ni huo mmoja."