Rangi za Nguzo ya Nne

Naapa mbele ya wajukuu wangu wote, macho makavu kabisa: ninayosimulia ni kweli tupu, sijatia chumvi hata ya kuonja.

Tulikuwa tumepiga mbizi chini ya jukwaa la gesi katikati ya bahari, mimi na shemeji yangu, kaka wa bibi yenu. Kazi yetu ilikuwa kukwangua mwani kwenye nguzo. Nguzo tatu tulikuwa tumeshazing'arisha kama sahani. Ya nne tulikatazwa kuigusa. Bibi yenu alikuwa anachunguza mwani wake, aina kwa aina: upi unafaa kulisha mifugo, upi unatoa ute wa kutengenezea dawa.

Ghafla matope yakatibuka. Giza totoro! Vipimo vyetu vya kina vikagoma vyote viwili. Ukipanda haraka kutoka kule, damu inatoa mapovu kama soda iliyotikiswa. Ukichelewa, hewa inakwisha. Na mtungi wa hewa wa shemeji ulikuwa umeshaanza kukoroma.

Nikamburuta hadi nguzo ya nne, nikaisogezea tochi. Mwani mwekundu, mwembamba kama nywele. Huo ni wa chini kabisa; wa kahawia huota katikati, wa kijani karibu na juu. Tukapanda polepole, mpaka ikaja mikanda ya kahawia. Nikamshika bega: tusubiri hapa, damu itulie. Yeye anataka kupanda. Nikamng'ang'ania. Macho yamemtoka, anapiga mateke, mtungi umekauka...

"Sasa Babu, anapumua nini?" mjukuu wangu wa kike akadakia.

"Ujasiri."

"Ujasiri!" Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. "Shemeji, siku ile ulikuwa juu jukwaani, jikoni, unaunguza masufuria. Aliyeniburuta ni dada yangu."

Wajukuu wakanigeukia wote. Nikatafuta pa kuweka macho, yakaangukia kwa mke wangu.

"Mzee mzima," akasema, "toka kwenye hicho kiti. Vyombo vinakusubiri."

Nikaenda, povu mpaka viwikoni. Yeye akakaa, akaanza upya kwa sauti ndogo.

"Pale kwenye kahawia nilimpa kaka kipumulio changu. Tukawa tunapokezana. Tukapanda tena, na mtungi wangu nao ukaanza kukoroma, mwani wa kijani hatujauona bado. Basi kipumulio nikamwachia yeye."

Miaka yote hii hakuwahi kuniambia hilo. Nikaganda na sufuria mkononi, maji yanachuruzika sakafuni.

"Halafu?" nikaita.

"Osha," akasema.