Chunusi za Nyumba Mpya

Metro Zaleschuk alikuwa anakunywa kahawa alipoisikia: tak. Kama mtu kavunja kijiti nyuma ya ukuta. Ilikuwa wiki ya pili ya Desemba. Nje kulikuwa na baridi ya digrii thelathini chini ya sifuri, na ndani tanuri la gesi lilikuwa linaunguruma chini ya sakafu bila kupumzika. Akainua macho, akaiona. Juu ya mlango wa jikoni, pale ukuta ulipokuwa laini kama yai la kuchemsha, palikuwa na kivimbe cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Akamtupia jicho mkewe. Nettie alikuwa amempa mgongo, anamenya viazi. Ama hakusikia, ama alisikia akanyamaza. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na bado Metro hajui kutofautisha.

Walikuwa wamehamia mjini Oktoba. Kabla ya hapo waliishi shambani, kilomita kumi na moja kutoka hapo, katika nyumba ya udongo na majani makavu aliyoijenga baba yake Nettie alipofika jimbo la Saskatchewan na mke, ng'ombe na shoka. Metro alioa akahamia ukweni, na ukweni akazeekea. Alilima yale mashamba, akayalipia, akazika wakwe zake wote wawili, lakini nyumba ilibaki ya baba mkwe. Akigongelea msumari wa kutundikia kofia, alijihisi anaomba ruhusa. Kwa hiyo magoti yalipomgomea ngazi ya kushukia stoo ya kuni, akaona huo ndio mlango wake wa kutokea. Akanunua kiwanja mjini, akajenga nyumba ya mbao, na bodi za jipsamu za kuta zote akazipiga kwa mkono wake, skrubu kwa skrubu, yeye na shemeji yake Steve.

Nettie hakukataa. Alisema hivi: "Msimu mmoja wa baridi. Theluji ikiyeyuka nitakwambia. Nikisema turudi, tunarudi, na sitaki maneno."

Metro alikubali haraka, kama mtu anayeogopa muuzaji asibadili bei. Sasa ukuta umeanza kutoa vipele, na theluji haijafika hata magotini.

Kufikia Krismasi vilikuwa saba. Akampigia simu Steve, kaka yake Nettie, aliyefanya kazi ya bodi miaka thelathini huko Regina kabla ya kustaafu.

"Steve, ukuta umetoa chunusi."

"Hongera, shemeji. Nyumba imebalehe."

"Mimi sicheki."

"Mimi nacheka. Sikiliza. Zile mbao za ndani zilikuja zina maji. Tanuri linazikausha, zinasinyaa. Skrubu haisinyai, inabaki palepale, kichwa chake kinasukuma nje puti tuliyozibia. Si kosa lako, wala si kosa langu, hasa si langu. Usiguse. Bandika utepe kila inapotoka moja, acha zitoke zote, baridi ipite, uje uzibe zote kwa mpigo mwezi wa sita. Huku kila mtu anajua hivyo."

"Najua kila mtu anajua. Mimi sina mpaka mwezi wa sita. Nina mpaka theluji iyeyuke."

"Dada yangu anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Basi umekwisha, ndugu yangu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kuishi kwenye nyumba ya mbao mbichi yenye tanuri chini, huo ni wema wa Mungu kwao. Metro akaamua kuziba.

Siku yake ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi asubuhi akina mama wa parokia walikusanyika kwenye ukumbi chini ya kanisa kufinya pyrohy, vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani, mamia kwa mamia, vya kuuza ili paa la kanisa litengenezwe. Nettie alikuwa hakosi. Gari lake likikata kona tu, Metro anatoa ngazi gereji, anatandaza shuka kuukuu, anakaza kila skrubu iliyochomoza, anapaka puti, anasugua msasa, anapaka rangi, anafungua dirisha kutoa vumbi huku meno yanagongana. Saa sita mchana anakaa mezani na gazeti, kama mtu asiyejua nyundo ni nini.

Ingekuwa kazi nzuri kama ingedumu. Skrubu ile ile ukiikaza zaidi inachana karatasi ya bodi na haishiki tena. Fundi huweka skrubu mpya kando, vidole viwili kutoka ile ya zamani, na Metro alilijua hilo fika. Lakini skrubu mpya ni tundu jipya, tundu jipya ni puti mara tatu na kusubiri ikauke mara tatu, na yeye alikuwa na asubuhi moja. Wiki mbili baadaye ile ile inatoka tena, na sasa imekuja na nyufa pembeni. Kufikia Februari alikuwa na ishirini na tatu, na mahali alipopaka rangi paling'aa kuliko pengine. Jua la majira yale hupita chini, linaingia dirishani likiwa limelala, likilamba ukuta kutoka ubavuni. Halifichi kitu. Saa nne asubuhi ukuta wa sebuleni ulionekana kama mgongo wa mtu aliyepona tetekuwanga.

Nettie alikuwa anakaa kwenye kiti chake kuukabili ukuta huo, anafuma soksi.

Alhamisi ya mwisho ya Februari sufuria kubwa la kanisani lilitoboka, akina mama wakarudishwa nyumbani saa tatu na nusu. Nettie akafungua mlango, akamkuta mumewe juu ya ngazi sebuleni, kisu cha puti mkononi, nywele nyeupe kwa vumbi, nyusi nyeupe. Na Nettie mwenyewe alikuwa mweupe kwa unga mpaka viwikoni. Wakatazamana.

"Shuka, mzee, kabla sijawa mjane," akasema.

"Nilikuwa naziba kidogo."

"Naona. Hiyo ni mara ya nne unaiziba hiyo."

Metro akashuka kidato kimoja kimoja, kwa ajili ya magoti na kwa ajili ya kuchelewesha. "Unazijua?"

"Naishi humu, Metro. Hiyo ya juu ya mlango wa jikoni ilitoka nikimenya viazi. Nikasubiri uniambie. Hukuniambia. Nikasema ngoja nione atafika wapi." Akavua koti, akalitundika. "Kwa nini unajificha kama mtoto aliyevunja kikombe?"

Hapo akaona hakuna pa kuzungukia. "Kwa sababu unahesabu. Theluji ikiyeyuka utasema nyumba yangu imeoza, turudi kwa baba yako. Na mimi sitaki kurudi, Nettie. Nimekaa kwa baba yako miaka arobaini na sita. Alikuwa mtu mzuri. Nimechoka kukaa kwake."

Hakuwahi kuyasema hayo. Nettie akaketi kwenye mkono wa kiti, jambo analowakataza wajukuu, na unga ukaacha alama.

"Ungesema," akasema.

"Ndiyo nasema."

"Baba mwenyewe aliikandika ile nyumba kila masika, na mimi nilikuwa nampelekea udongo na ndoo. Kila Pasaka kuna ufa mpya. Ufa wa juu ya kitanda changu niliujua kama sura ya shangazi. Tulipokuja hapa Oktoba, nilikuwa naamka nadhani niko hospitali. Ukuta hauna hata alama moja. Sikujua niangalie wapi." Akaonyesha kwa kidole chenye unga. "Hiyo chunusi ya kwanza ilipotoka, nikasema haya, kumbe na hii ni nyumba. Halafu wewe ukaipaka rangi."

Metro akaweka kisu cha puti chini.

"Kwa hiyo haturu..."

"Sijasema. Theluji bado ipo." Akasimama, akaenda kwenye droo ya jikoni, akarudi na utepe wa kijani, ule wa mafundi wa rangi, akamrushia. Bado ulikuwa kwenye nailoni yake. "Nimeununua tangu Januari. Steve alinielekeza. Bandika kila penye chunusi na usiguse tena. Mwezi wa sita mtaziba zote, halafu tupake sebule rangi ya siagi. Huu weupe unaniumiza macho."

"Mwezi wa sita," akasema Metro.

"Mwezi wa sita. Kwani theluji itakuwa bado haijayeyuka mwezi wa sita?"

Akaanza kubandika. Nettie alikuwa nyuma yake, anamwonyesha alizoziruka, na alikuwa ameziruka nyingi: nne nyuma ya pazia, moja karibu na swichi, mbili kwenye kona ambako yeye hakuwahi hata kutazama.

"Na mwambie kaka yangu akija alete msasa wake mwenyewe," akasema. "Huo wako umekwisha."