Fulana Iliyofuliwa

Nilirudi kutoka kazini mchana nikakuta fulana ya kuzuia risasi ya binti yangu imeanikwa juani, katikati ya shuka na taulo. Pedi nene za ndani ya fulana zilikuwa zimechomolewa, zinachuruzika maji, na ua mzima unanuka dawa ya madoa.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, vidole vimekunjamana kwa kusugua, amefurahi kama mtu aliyemaliza kuozesha binti.

"Ilikuwa inanuka beberu," alisema. "Nimeiroweka tangu asubuhi."

Binti yangu, ambaye nyumbani tunamwita Komando, ni mlinzi kwenye gari la kupeleka pesa benki. Zamu yake ilikuwa kesho yake alfajiri. Mimi nina diploma ya ufundi wa nguo, nakagua vitambaa kiwandani, na dawa ile naijua. Nikaona hakuna haja ya kuzunguka mbuyu.

"Mama, hii haivaliki tena."

"Kitu kizuie risasi, kishindwe na dawa ya madoa? Acha utani."

"Hakizuii kwa ugumu. Humo ndani mna kitambaa tabaka kwa tabaka, kinadaka risasi kama wavu unavyodaka mpira. Dawa inakula nyuzi na jua linamalizia. Wavu uliooza haudaki kitu."

Komando alitoka ndani, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Nitaivaa hivyohivyo. Nikisema imeharibika, msimamizi atanitoa kwenye gari anipeleke kufungua geti. Kwani nani atajua?"

"Risasi itajua," nikamwambia.

Mama mkwe aliinamia beseni. Kisha akauliza taratibu, "Ikiwa nzima, inazuia risasi zote?"

Ningeweza kumdanganya. "Za bastola tu, mama. Za milimita tisa."

"Na za bunduki ndefu?"

"Hizo ni milimita saba na kitu. Zinapita."

"Tisa ishindwe, saba ipite? Hesabu gani hiyo?"

"Namba ni unene wa risasi, si nguvu zake. Ya bunduki ni nyembamba, ina ncha, na baruti ya kuisukuma ni nyingi, kwa hiyo kasi yake ni zaidi ya maradufu. Kidole hakitoboi shuka. Sindano je?"

Tangu Komando aanze kazi ile, bibi yake alikuwa analala usingizi wa pono, akiamini mjukuu wake amevaa ukuta. Nami nilikuwa nimeubomoa ukuta huo kwa sentensi mbili. Roho iliniuma, lakini nikamwambia avae viatu, yeye na Komando, twende kwa msimamizi.

Msimamizi aliipapasa fulana, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Imekauka vizuri. Mbona iko sawa tu, bibi? Tena sasa inanukia."

Nikafungua mdomo nimweleze habari za nyuzi. Mama mkwe akanigusa mkono.

"Nimeiharibu mimi, baba, si huyu mtoto," alisema. "Lakini kama iko sawa, basi kesho ivae wewe, upande gari. Yeye abaki hapa mezani kwako."

Msimamizi aliisukuma fulana pembeni. Kisha akainuka, akafungua kabati la stoo, akatoa nyingine. Ilikuwa pana, imemzidi Komando mabegani.

"Na hii isifuliwe," alisema bila kumtazama mtu.

"Inafutwaje?" aliuliza mama mkwe.

"Kitambaa chenye maji kidogo. Unakausha kivulini."

Mama mkwe alirudia maneno hayo njia nzima kama mtu aliyetumwa dukani.

Alfajiri niliamshwa na kishindo sebuleni. Nikatoka mbio. Komando alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, sare mwilini na fulana yake pana mgongoni. Bibi yake alikuwa amesimama juu yake na mkongojo.

"Umechelewa kulala chini," alikuwa anasema. "Hiyo risasi ya sindano ingekuwa imeshafika. Inuka, tuanze tena."

"Bibi, gari litaniacha," alisema Komando akiinuka.

"Likuache. Lala."

Komando akanitazama nimtetee. Nikasogeza meza pembeni, apate nafasi.