Bango la Chuo Asichokichagua

Bango lililetwa dukani kwa Mzee Tan saa kumi na robo alasiri, nalo ndilo lililotoboa siri. Fundi wa kuchapa alilitandaza katikati ya maboksi ya vigae: kitambaa chekundu cha mita sita, maandishi ya manjano yakimpongeza Tan Ruolan, binti wa mtaa wa Daraja la Mawe, kwa kuingia katika chuo kikuu kimoja mashuhuri cha Shanghai.

Ruolan alilisoma mara mbili. Chuo kile alikuwa amekiweka namba saba kwenye orodha yake ya maombi.

Aliiendea kompyuta ya duka, akafungua orodha yake ya machaguo. Shanghai ilikuwa imepanda hadi namba moja. Chuo chake cha Lanzhou, alichokuwa amekitanguliza kuliko vyote, kilikuwa kimeshushwa hadi namba saba. Chini kabisa, kwenye kisanduku alichokuwa amekiacha wazi kwa makusudi, paliwekwa alama ya ndiyo: nakubali kupangiwa kozi yoyote.

Kompyuta ya mkoa husoma orodha ya mtahiniwa kuanzia juu. Chuo cha kwanza kinachomkubali humchukua, na vyuo vilivyo chini yake havisomwi tena. Orodha zingefungwa saa kumi na moja jioni ile ile.

"Nani ameingia humu?"

"Usinitolee macho, mwanangu," alisema shangazi Guifen, mwalimu mstaafu, huku akitema maganda ya mbegu za tikitimaji kiganjani. "Ni mimi, asubuhi, ulipokwenda shuleni kuchukua cheti. Nywila yenyewe ni tarehe ya kuzaliwa ya baba yako. Ningeshindwaje?"

Naam, Ruolan aliichagua tarehe ile kwa mapenzi. Sasa ilimchoma kama kaa la moto.

"Baba, namba ya siri ya kuthibitisha huja kwenye simu yako. Ulijua?"

Mzee Tan alikuwa akipanga vigae vilivyokwisha kupangika. "Shangazi yako amefundisha miaka thelathini na moja. Una alama mia sita arobaini na moja. Lanzhou wanachukua hata mwenye mia sita kumi na nane. Alama ishirini na tatu unazimwaga mtaroni?"

"Alama si mchele, baba, hazimwagiki. Nimekwisha kuzitumia: zimeninunulia haki ya kuchagua."

"Haya, msikieni mbunge!" Shangazi alicheka. "Mchagua jembe si mkulima."

"Mimi sichagui jembe, shangazi. Nachagua shamba."

Daftari la kijani la Ruolan lilikuwa mezani, na juu yake glasi ya chai ya baba yake. Ndani yake mlikuwa na kazi ya miezi minane. Aliwapigia simu wanafunzi kumi na tisa wa vyuo sita. Aliwauliza nani hasa huwafundisha mwaka wa kwanza, profesa au msaidizi wake. Wangapi huomba kubadilisha kozi na wangapi hukubaliwa. Mwanafunzi huuona mlima lini kwa macho yake. Maana alitaka kusoma maporomoko ya ardhi: kwa nini mlima uliotulia miaka mia huamka siku moja ukafunika shule. Lanzhou huwapeleka wanafunzi mlimani muhula wa pili. Shanghai kozi hiyo haipo. Yote yalikuwamo daftarini, na hakuna aliyelifungua.

Aliiondoa glasi. Duara la chai lilikuwa limekwisha kuingia kwenye jalada.

"Shangazi, huko Shanghai nitasoma nini?"

"Watakupangia. La muhimu ni mlango; ukishaingia, vyumba ni vingi."

"Nimekuuliza nini, si wapi."

"Chochote! Uhasibu, ufugaji wa kamba, kwani nini? Cheti kitaandikwa Shanghai."

"Baba." Ruolan alimgeukia. "Mteja akija akakuambia umpe boksi lililofungwa, lolote, mradi jina la kiwanda ni kubwa, utamwitaje?"

Fundi wa kuchapa aliguna, kisha akajitia kukunja bango.

"Usinifananishe na wateja mbele za watu!" Mzee Tan alipiga meza. "Meza kumi na nane za karamu nimekwisha kuziagiza! Niwaambie nini watu? Lanzhou? Watauliza kama umefeli!"

"Waambie mimi ndiye nitakayekaa huko miaka minne, si meza zako. Naomba namba ya siri. Nimeshabofya kubadilisha, imekuja kwenye simu yako."

"Sitoi."

"Basi Septemba nitarudi sekondari, nikae darasani mwaka mzima na kufanya mtihani upya. Na mwakani nitaandika Lanzhou. Na mwaka utakaofuata."

Hakuwa anatishia. Baba yake alimtazama usoni akalitambua hilo, kwa kuwa ukaidi ule ulikuwa wake mwenyewe. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika thelathini na tisa. Mzee Tan aliitoa simu mfukoni, akaitupa juu ya maboksi. Kioo kikapasuka pembeni.

Ruolan alizisoma tarakimu sita kupitia ufa, akaziandika kwenye kompyuta. Aliirudisha Lanzhou juu, akaifuta alama kisandukuni, akathibitisha. Kisha akabadilisha nywila, na safari hii hakutumia tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote.

"Umeitia familia aibu," alisema shangazi.

"Aibu ni kuiba orodha ya mtu, mwalimu." Hakumwita shangazi.

Fundi wa kuchapa alikohoa. "Mzee Tan, kwa hiyo bango tulichape upya? Tuandike chuo gani?"

Mzee Tan aliujua mji tu. Jina la chuo hakulijua.

"Kinaitwaje hicho chuo chako?" aliuliza, bila kumtazama.

Ruolan alilisukuma daftari mpaka likagusa mkono wa baba yake.

"Ukurasa wa kwanza," alisema, akatoka nje. Hasira ilikuwa bado inamchemka, naye hakuwa na haraka ya kuipoza.