Jezi Namba Sita

"Batuli, kwani Msafara wameshafungwa?"

Leonia aliuliza hivyo Alhamisi asubuhi, akiwa upande wake wa ua wa minyaa, ungo wa mchele mkononi. Hakuwa na nia mbaya. Aliona jezi nyekundu inachuruzika maji kwenye kamba ya jirani yake, akauliza. Mtaa mzima wa Chemchem ulijua kwamba jezi za Msafara hazigusi maji mpaka timu ifungwe.

Batuli aliivuta jezi kambani, mbichi vile vile, akaikunja kwapani.

"Hawajafungwa," alisema.

"Basi hiyo ni nini?"

"Kwani wewe umeona nini, shoga?"

Leonia aliutazama ungo wake, akapepeta mara mbili. "Nimeona shuka," alisema. "Shuka jekundu lenye namba sita mgongoni. Macho yangu siku hizi hayana adabu."

Batuli alicheka kidogo ili amridhishe, akaingia ndani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mdogo wake Yahaya ndiye aliyekuwa kocha wa Msafara, na robota la jezi lilikaa nyumbani kwao, katika chumba cha Batuli, kwa sababu mlango wake tu ndio uliokuwa na kufuli. Mzee Lugembe, ambaye kwenye kamati ya timu alishika yale mambo yasiyoandikwa, ndiye aliyeweka mwiko. Timu ikishashinda, jezi zisifuliwe, maana maji yataondoka na ushindi. Siku ikifungwa, zifuliwe zote, mambo yaanze upya. Yahaya hakuuamini mwiko huo, ila aliukubali ili watu walale. Msafara wakashinda michezo saba mfululizo, wakaongoza ligi ya kanda, na robota likanuka kama zizi.

Harufu Batuli aliivumilia. Lakini katika mchezo wa saba Abasi, mchezaji wa namba sita, alipigwa kiwiko cha pua, na damu ikamwagika kifuani. Siku nne Batuli aliswali na damu ile nyuma yake, katika chumba kimoja. Kila akisujudu aliona kama kuna mtu amesimama mlangoni na viatu vya matope. Damu ni najisi. Marehemu mumewe, aliyekuwa akiadhini msikitini, asingekubali hata siku moja. Alhamisi, baada ya alfajiri, akaitoa ile moja tu, akaifua kwa kipande chake cha mwisho cha sabuni, akajiambia kwamba moja si zote.

Sasa alikaa kitandani ameipakata, akawa anaikausha kwa kuipepea na kipepeo cha jikoni.

Alijua jezi haina miguu. Mwenye kupanga ni Mungu, na hakuna shati linalomsaidia. Lakini alijua pia Yahaya alikuwa anasimama juu ya nini. Goti lake la kulia lilivunjika alipokuwa mchezaji, halikunjiki. Kazi aliyokuwa nayo, ya kuandika magunia kwenye ghala la tumbaku, alipewa na Luhende, mwenyekiti wa timu, kwa sababu ya mpira. Na ule ulikuwa mwaka wa operesheni. Malori yalipita mitaani, na asiye na kazi mjini aliandikwa jina, akapelekwa vijijini akalime. Wiki mbili nyuma walichukua watu hapo hapo Chemchem, wakawapeleka upande wa Tura. Mzee mmoja fundi cherehani alipakiwa na mkasi wake shingoni. Yahaya na goti lile angeshikaje jembe?

Jumapili Batuli hakwenda uwanjani, hakuwa na desturi hiyo. Aliusikiliza mchezo kutoka uani, kama kawaida yake. Goli la Msafara lilikuwa na kelele ndefu, yenye ngoma nyuma yake. Alasiri ile alisubiri kelele hiyo mpaka tasbihi ikamwishia vidoleni mara tatu. Kisha ukaja mngurumo mfupi, wa watu wachache, wageni kutoka Kigoma. Baada yake mji ukanyamaza.

Leonia aliinua kichwa juu ya minyaa. Alimtazama Batuli, akarudi ndani kwake.

Yahaya alirudi peke yake. Wiki iliyopita alirudi amebebwa mabegani na watu, wakamzungusha mpaka sokoni wakiimba jina lake. Leo alikuja anachechemea, akanawa miguu, akala ugali bila kuutazama.

"Bao moja, dada," alisema. "Moja tu. Na bado tunaongoza."

"Watasemaje?"

"Watasema nini? Mwaka mzima hakuna asiyefungwa."

Batuli alifungua mdomo amwambie. Akamwongezea mboga.

Jumatatu alikwenda dukani kwa Kurban kununua uzi. Kurban alikuwa mweka hazina wa Msafara, na jezi zile zilitoka katika jora la kitambaa chake mwenyewe. Nyumba yake ya ghorofa ilishataifishwa, siku hizi alilala nyuma ya duka. Alipomwona Batuli aliacha kukunja khanga.

"Mama Batuli, hujambo."

"Sijambo, Kurban. Nimesikia watu wanasema mdogo wangu anaondolewa."

"Watu wanasema mengi."

"Na wewe unasemaje?"

Kurban alichungulia barabarani kwanza. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tabia ya kushika ncha ya kofia yake kila akitaka kusema kweli.

"Mama, mimi nitakuuliza. Wanachama wamekasirika, wanataka mtu. Wachezaji kumi na mmoja utawafukuza? Kila mmoja ana wajomba mtaani. Mwenyekiti ajifukuze mwenyewe? Mzee Lugembe nani atamgusa, kila mtu anamwogopa. Mimi ninyooshe kidole, kesho wataniambia Mhindi nyamaza, na duka hili nalo litazamwe." Akakata uzi kwa meno. "Hesabu mwenyewe nani amebaki."

"Lakini ameshinda saba."

"Fisi akizunguka zizi, mama, watu hawaulizi mbuzi yupi mnono. Wanamtoa aliye karibu na mlango."

"Kwa hiyo wote mnaogopa."

"Wote," Kurban alisema. "Wanachama wanaogopa kuchekwa na Kigoma, mwenyekiti anawaogopa wanachama, mimi namwogopa mwenyekiti. Chukua uzi wako, tafadhali. Ukikaa sana wataniuliza tuliongea nini."

Usiku ule usingizi ulimruka. Akapata shauri moja tu. Kama wanataka mkosaji, yupo. Yeye ni mjane, hana kazi wanayoweza kumnyang'anya, na nyumba aliachiwa na mumewe. Wakimtukana atatukanika. Mwiko aliuvunja yeye, si Yahaya.

Jumanne baada ya swala ya alasiri kamati ilikuja kuchukua jezi. Walikuwa watatu. Luhende, mtu mnene wa sauti ya upole, alikaa kwenye kiti cha pekee cha sebuleni. Mzee Lugembe alikaa kwenye mkeka. Kurban alibaki mlangoni, kama anayengoja mvua iishe.

"Shikamoo, mzee," Batuli alimwambia Lugembe.

"Marahaba, mwanangu."

Yahaya alileta robota akaliweka katikati. Filimbi yake ilikuwa shingoni, ametoka mazoezini. Luhende alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa bahasha.

"Ndugu Yahaya," alianza, "unajua hali. Jumapili..."

"Kabla hujasema, mwenyekiti," Batuli alisema. Sauti yake aliisikia inatoka mbali. "Jezi namba sita niliifua mimi, Alhamisi. Ilikuwa na damu, na chumba ilimokaa ndimo ninamoswali. Yahaya hakujua. Kama ni mwiko, nimevunja mimi."

Yahaya aligeuka akamtazama dada yake. Mzee Lugembe akafungua robota, akaitafuta namba sita, akainusa.

"Ni kweli," alisema. "Ina sabuni."

Batuli alitegemea kelele. Badala yake alimwona Luhende anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mmesikia wenyewe," Luhende alisema. "Nyumba hii imetuharibia timu. Ndiyo maana kamati imeandika barua hii. Haikuwa rahisi kwetu." Akampa Yahaya bahasha.

Yahaya hakunyoosha mkono. Batuli ndiye aliyeipokea.

"Hiyo ni ya kocha, mama," Luhende alisema.

"Nitamsomea."

"Utaweza?"

"Darasa la nne nilimaliza."

Aliisoma kama alivyofundishwa, kwa kidole, toka juu kabisa. "Msafara, Sanduku la Posta, Tabora. Tarehe kumi na mbili Novemba, elfu moja mia tisa sabini na nne." Kidole kikasimama. Akahesabu kimoyomoyo, akahesabu tena. Leo ilikuwa tarehe kumi na tisa. Walifungwa Jumapili, tarehe kumi na saba. Jezi aliifua Alhamisi, tarehe kumi na nne.

"Tarehe kumi na mbili ilikuwa Jumanne iliyopita," alisema. "Sikuwa nimefua kitu. Wala Msafara hawakuwa wamefungwa."

"Mpiga taipu amekosea," Luhende alisema.

"Na sahihi zenu? Kila mmoja ameandika tarehe kwa mkono wake. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili."

Mlangoni Kurban alishika ncha ya kofia, akaiachia. Lori lilipita barabarani, na wote waliokuwa sebuleni, hata mwenyekiti, walinyamaza mpaka lilipokwisha kupita.

"Jumanne ile tulikuwa tumeshinda saba," Yahaya alisema polepole. "Nilikuwa nimekosa nini?"

Luhende alitazama viatu vyake. Mzee Lugembe ndiye aliyesema, huku akiikunja ile jezi kwa uangalifu kama nguo ya mtoto.

"Walikubeba, mwanangu. Mpaka sokoni. Na mwenyekiti alitembea nyuma, hakuna aliyemwona. Uchaguzi wa viongozi ni mwezi ujao. Barua ilikuwa inangoja mfungwe tu."

"Mzee," Luhende alisema.

"Nimesema uongo?"

Batuli aliendelea kusoma, maana barua ilikuwa haijaisha, na aliogopa zaidi kuacha kuliko kuendelea. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kazi ya ghala nayo inakoma tarehe ya barua hiyo, na jina litapelekwa panapohusika. Alilisoma neno hilo mara mbili, "panapohusika". Kila mtu alijua ni wapi: kwa wenye malori.

"Limeshapelekwa?" aliuliza.

"Jana," Luhende alisema.

"Mwenyekiti, goti lake unalijua. Ulikuwepo uwanjani siku lilipovunjika. Wewe ndiye uliyemshika kichwa."

Luhende alifuta uso kwa leso. "Mama, wangeniondoa mimi," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Yahaya aliivua filimbi shingoni, akaizungushia kamba yake vizuri, akaiweka juu ya robota. Akamshika dada yake bega, akaliachia. Kurban alisogea ampishe. Kocha akapita katikati yao na goti lake lisilokunjika, akatoka.