Mali ya Umma

Jumamosi, tarehe tisa Novemba. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, yakakatika, yakaanza tena, na kulipopambazuka barabara ilikuwa imelowa chapachapa na jua halikuonyesha dalili ya kutoka.

Mshonaji alikuwa ameshaamka, ameshasali, ameshachonga penseli zake na kuvaa gauni la buluu alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Alifungua dirisha la chumbani alitazame gari. Mahali pa gari palikuwa na dimbwi.

"Baba watoto," aliita bila kugeuka. "Gari liko wapi?"

Sebuleni mumewe, seremala, alikuwa anakunywa chai. Kikombe kilisita njiani.

"Mdogo wako alilichukua juzi. Alikuwa na kabati la kuhamisha."

"Kabati moja, tangu juzi? Alisema atalirudisha lini?"

"Sasa mimi nimuulize shemeji yangu lini? Si ataona simwamini?"

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Pikapu lile alilinunua la kubebea mbao na vitanda vya wateja, lakini mtaa mzima ulilibandika jina la Mali ya Umma. Lilishabeba maharusi, wagonjwa, saruji, kuku, na viti vya kila shughuli. Watu hawakusema tena "niazime." Walichungulia karakanani wakauliza, "Lipo?" kama wanaoulizia maji bombani. Na seremala, mtu mwenye mikono ya kupasua gogo, neno "hapana" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku nyingine mkewe alikuwa anacheka tu. Leo hakucheka. Aliacha shule akiwa msichana mdogo, na alipokuwa ameshapata wajukuu ndipo alipojiandikisha masomo ya jioni. Kila siku alifunika cherehani, akajitanda khanga, akaenda kukaa dawati moja na watu wa umri wa wanawe. Mwaka jana, siku ya mtihani, mjukuu alishikwa na homa kali, naye akaamkia hospitali badala ya chumba cha mtihani. Akikosa na leo, ni kungoja mwaka mwingine. Kituo kilikuwa ng'ambo ya mji, basi lilizungukia sokoni, goti lake halikuwa la kutembea mwendo ule, na saa tatu kamili geti lingefungwa.

Alimpigia simu mdogo wake.

"Dada, shikamoo! Umeamkaje?"

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Lipo, dada. Lipo salama kabisa."

"Salama wapi?"

"Kwa kinyozi. Anamhamisha mama mkwe wake."

"Na wewe ulimuuliza atalirudisha lini?"

"Dada, jamani! Yule si ni rafiki yangu?"

Mshonaji aliweka simu mezani taratibu, kwa sababu angeiweka kwa nguvu ingevunjika. Akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya cherehani, goti zima likimsaidia goti bovu.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, "niondolee hasira hii kwa mume wangu. Si kwamba hastahili. Ila kichwani mwangu leo nina nafasi ya sehemu na desimali tu. Na hilo gari, Baba, unajua liliko kuliko sisi. Amina."

Huko sebuleni seremala naye alikuwa kwenye simu na kinyozi, sauti imepanda: "Hata kama hamjashusha! Njooni hivyo hivyo!"

Haukupita muda, honi ikalia nje. Mshonaji alitoka na mwavuli, akasimama mlangoni, akasahau hata kukasirika. Pikapu lilikuwa limebeba kochi kubwa jekundu la watu watatu lililofunikwa turubai, na juu ya kochi, miguu imekunjwa, mdogo wake, waliyempitia njiani, alikuwa amekumbatia feni. Kinyozi alishika usukani. Pembeni yake mama mkwe alikuwa amepakata kioo kirefu cha ukutani, kiasi kwamba ukimtazama unajiona mwenyewe.

"Mwanangu," mama mkwe alisema kutoka nyuma ya kioo, "nimesikia una mtihani. Njoo ukae mbele, mimi nitapanda nyuma."

"Mama, usithubutu! Na hicho kioo?"

"Basi panda kochini. Ni kochi zuri, lina springi."

Seremala alimshika mkewe mkono, akamnyanyua. Wakaketi watatu, yeye katikati, mwavuli juu, feni miguuni. Gari likang'oka. Kila waliyempita alisimama kutazama. Muuza magazeti alipaza sauti, "Mama, harusi ya nani?"

"Ya Hisabati!" alijibu mdogo wake, na mshonaji, ambaye alikuwa ameapa kutocheka mpaka Jumatatu, akacheka hadi mwavuli ukamwaga maji shingoni mwa mumewe.

"Haya, dada, nikuulize," mdogo wake alisema. "Nusu ukijumlisha robo?"

"Robo tatu. Na wewe ukijumlisha kinyozi?"

"Hasara," seremala alijibu haraka.

"Wewe nyamaza, hesabu hiyo na wewe umo."

Walifika geti likiwa bado wazi. Mwalimu wa masomo ya jioni alikuwa amesimama nje na wanafunzi waliosoma na mshonaji, wote wakichungulia barabara. Walipomwona anashuka kutoka kochini walipiga makofi, na mlinzi, mkono ukiwa kwenye komeo, akapiga saluti.

"Ingia mama, dakika zimebaki chache," mwalimu alisema. "Na Jumatatu usichelewe hivi. Karatasi ya pili ni asubuhi kama leo."

Hapo hapo kinyozi akatoa kichwa dirishani. "Mzee, afadhali nimekumbuka. Kwa mama bado kuna kitanda na friji. Jumatatu asubuhi... lipo?"

Makofi yakakatika. Mdogo wake aliinamia feni. Mama mkwe alimfinya mkwewe bega, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mshonaji alikuwa ameshapita nusu ya geti. Alisimama. Aligeuka akamtazama mumewe, penseli mkononi, na mlinzi mwenyewe akaacha komeo kwanza.

Seremala alishuka kochini. Alimtazama kinyozi, akalitazama gari, akamtazama mkewe mwenye gauni la buluu lililolowa begani. Kisha akavua kofia.

"Mwalimu uwe shahidi," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye vyumba vya mtihani. "Shemeji, kinyozi, mama, mlinzi, na nyinyi wanafunzi wote muwe mashahidi. Hapana. Jumatatu asubuhi gari hili litakuwa mlangoni kwangu, tupu, limefutwa, na mbele atakaa mke wangu peke yake. Hata malaika akishuka kuliazima, nitamwambia wewe una mabawa, ruka."